Kizibo cha Mninga na Sentensi Moja ya Nachingwea

Seremala mzuri hapendi uone alivyounga. Skrubu ikishazamishwa, juu yake linabaki tundu, na tundu hilo huzibwa kwa kizibo cha mti. Kabati la mninga lililotoka kwenye karakana nzuri ya Nachingwea au Ruangwa linaweza kuwa na vizibo kumi, na usione hata kimoja.

Siri yake ni nyuzi za mbao. Ukikata kipande cha kijiti cha mviringo ukakigongea, kitaingia vizuri tu, lakini kichwa chake ni ncha za nyuzi, nazo hunywa vanishi kuliko ubao wenyewe. Unabaki na doa jeusi. Kizibo sahihi hukatwa kwa biti yenye uwazi katikati, kwenye uso wa kipande kilichobaki cha ubao uleule, kisha hugeuzwa mpaka nyuzi zake zilale sambamba na za ubao. Gundi, nyundo kidogo, patasi, msasa. Miaka ikipita, ubao na kizibo hubadilika rangi pamoja.

Pwani yetu ilijua vizibo kabla ya skrubu. Mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za makumbi, na matundu ya kamba yakazibwa kwa vigingi vya mti. Vigingi vile havikuwa pambo. Viliibana kamba na kuzuia maji. Kimoja kikilegea, chombo kinavuja.

Basi, kuna vizibo vinavyoficha na vizibo vinavyoshika. Nawaza tofauti hiyo kila ninaposoma habari za Nachingwea, maana mara nyingi mji huu huzibwa kwa sentensi moja: mradi wa karanga ulishindwa.

Ulishindwa kweli. Waingereza waliuanza mwaka 1947, wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kufikia Januari 1951 serikali yao ilikubali hasara ya takriban pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea iling'olewa miaka ya 1960. Lakini sentensi ile imekatwa kwenye mbao za London. Nyuzi zake ni hesabu za Bunge la kule, ndiyo maana hailali sawa na hapa. Ndani yake humwoni mtu aliyekata miti ya msitu wake kwa mshahara, wala mkulima aliyebaki na ardhi iliyosafishwa kwa matrekta.

Wala huioni Farm 17. Kwenye ardhi ya mradi uleule, FRELIMO waliweka kambi ya mafunzo, na Samora Machel akawaandaa hapo wapiganaji waliovuka Ruvuma hadi Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Tundu lililoachwa na karanga lilizibwa kwa kitu kilichoshika.

Kuna mafundi ambao hawajisumbui kuficha: kwenye mninga wanaweka kizibo cha mpingo, cheusi, kila mtu akione na ajue kiungo kiko wapi. Historia ya Nachingwea na Ruangwa naitaka iandikwe hivyo. Wazee waliouona mradi ule wakiwa watoto sasa wamevuka miaka themanini. Anayetaka kuwauliza, na aende mwaka huu.