Jeki ya Lori: Vile Unachagua na Kuitunza Kabla Ikuachilie

Pancha ya lori Outering usiku ndio hukuonyesha kama ulinunua jeki ama chuma tu ya kubeba.

Ya lori ni ile ya chupa, inapampiwa oili. Cheki tani zenye zimeandikwa kwa mwili wake. Sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu ekseli moja ya tairi nne ibebe tani 10. Sasa jeki ya Probox itakusaidia na nini hapo, buda? Chukua ya tani 20. Pima urefu pia, juu tairi ikiisha upepo ekseli hushuka, na jeki ndefu haiingii.

Ukiokota ya mtumba Gikomba ama Grogan, usidanganywe na rangi mpya. Inua lori nayo, ngoja dakika 10. Ikirudi chini mdogo mdogo, sili zimeisha.

Hapa kwa oili ndio wasee huharibu. Usiweke ya breki, inakula sili. Weka ya haidroliki, na uongeze jeki ikiwa imeshuka yote. Ikikaa, ikae imesimama na imeshushwa, shingo imepanguswa mchanga.

Siku ya kazi, legeza nati lori ikiwa bado chini. Tairi zingine ziwekee mawe, chini ya jeki ubao mnene. Na manze, usiingie chini ya lori kama imeshikwa na jeki pekee, hata kama taniboi anaharakishwa. Weka stendi. Huna? Sukuma spea chini ya chesi kwanza.