Darubini ya Dobson

Darubini ya Dobson ni darubini akisi inayokaa juu ya kitako cha mbao na kuelekezwa kwa mkono. Imepewa jina la John Dobson (1915–2014) aliyeieneza mjini San Francisco, Marekani, katika miaka ya 1960. Kwa mtu anayetaka kutazama nyota uani kwake, ndiyo njia ya gharama ndogo zaidi ya kupata kioo kikubwa. Kasoro yake ni uzito. Wengi huchagua kwa kuangalia kipenyo cha kioo peke yake, na baada ya miezi michache darubini hubaki chumbani kwa sababu hakuna wa kuitoa nje.

Muundo

Kwa upande wa vioo ni darubini ileile aliyobuni Isaac Newton mwaka 1668. Mwanga huingia kwenye bomba, hufika kwenye kioo mbonyeo kilichopo chini, na kurudishwa juu hadi kwenye kioo kidogo bapa kinachoutoa ubavuni, kwenye lenzi ya kutazamia. Alichobadilisha Dobson ni kitako. Bomba lina vibao viwili vya duara ubavuni vinavyolala kwenye mikato ya sanduku lililo wazi juu, nalo sanduku huzunguka juu ya ubao uliopo chini. Vipande vya tefloni hupunguza msuguano. Bomba lililosawazishwa vizuri husogea kwa kusukumwa kidogo na hutulia pale linapoachwa.

Historia

Dobson alizaliwa Beijing, akasoma kemia huko Berkeley, na mwaka 1944 alijiunga na monasteri ya Vedanta mjini San Francisco. Hakuwa na fedha, hivyo alisaga vioo vyake kutokana na vioo vinene vya madirisha ya meli. Bomba lilikuwa la karatasi ngumu, la aina ambayo wajenzi humwagia zege. Alizikokota darubini zake nje ya monasteri ili majirani watazame (suala la kuihamisha darubini limekuwapo tangu mwanzo). Kazi hiyo ilichangia kutolewa kwake monasterini mwaka 1967. Mwaka uliofuata lilianzishwa kundi la San Francisco Sidewalk Astronomers, lililoweka darubini kando ya barabara kwa ajili ya wapita njia. Dobson hakuchukua hataza ya muundo wake, na leo viwanda vingi hutengeneza darubini za namna hii.

Kuchagua ukubwa

Uwezo wa kukusanya mwanga hukua kulingana na mraba wa kipenyo. Kioo cha sm 30 hukusanya mwanga mara 4 ya kioo cha sm 15, na mara 2.25 ya kile cha sm 20. Tofauti hiyo huonekana wazi kwenye galaksi na nebula hafifu. Kwenye Mwezi, Mshtarii na Zohali ni ndogo zaidi, maana mara nyingi mtikisiko wa hewa ndio unaoweka kikomo.

Darubini ya kiwandani ya sm 20 kwa kawaida huwa na uzito wa takriban kg 20, nayo hubebwa kwa awamu mbili: bomba kwanza, kitako baadaye. Ile ya sm 25 hukaribia kg 30. Ya sm 30 hufika kg 35 hadi 40, na bomba lake peke yake ni takriban kg 20. Hiyo ni sawa na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ila ndoo ina mpini na haina urefu wa mita moja na nusu. Anayefikiria kununua ajaribu kwanza kuibeba ndoo hiyo usiku kutoka chumbani hadi uani, apite mlango na ngazi zote bila kuiweka chini, kisha airudishe. Akichoka, sm 20 inamtosha, naye atatazama mara nyingi zaidi kuliko mwenye kioo kikubwa asiyekitoa.

Vioo vinavyozidi sm 30 mara nyingi huwekwa kwenye fremu ya fito badala ya bomba. Hufunguliwa na kuingia kwenye gari dogo, lakini kuziunga upya huchukua muda.

Taa za mji nazo zihesabiwe. Kwa galaksi, sm 20 iliyopelekwa kijijini penye giza huishinda sm 30 iliyobaki katikati ya mji.

Kuhamisha

Kitako hutangulizwa na kuwekwa mahali tambarare, kisha bomba hufuata likiwa limefunikwa. Inueni kwa miguu, si kwa mgongo, na bomba la sm 30 libebwe na watu wawili. Wengine hutumia toroli la magurudumu ya hewa. Hufaa, mradi kitako kishushwe ardhini kabla ya kutazama, kwa sababu matairi hufanya picha itetemeke. Baada ya safari yoyote mpangilio wa vioo ukaguliwe, maana mitikiso huvihamisha.

Kioo kikubwa kilichotoka chumba chenye joto huhitaji kupoa, pengine saa moja au zaidi, la sivyo picha hucheza. Ni vema kuitoa darubini machweo. Ikiwa jua halijazama, mdomo ubaki umefunikwa: kutazama Jua kupitia kioo hiki bila kichujio maalumu mbele ya bomba hupofusha mara moja, na hata bila mtu kutazama mwanga uliokusanywa unaweza kuunguza.

Matumizi karibu na ikweta

Vitako vinavyofuata mzunguko wa Dunia huhitaji mhimili unaoelekea ncha ya anga. Nchini Kenya au Tanzania mhimili huo hulala karibu sambamba na ardhi, jambo linalosumbua. Kitako cha Dobson hakina shida hiyo, ila ni kigumu kukiongoza nyota ikiwa utosini. Kutoka hapa galaksi ya Andromeda na Mawingu ya Magellan yote huonekana, kila kimoja katika majira yake. Pwani, unyevu na chumvi huharibu utando wa alumini wa kioo, hivyo darubini ihifadhiwe pakavu. Umande ukitua kwenye kioo uachwe ukauke wenyewe, usifutwe kwa kitambaa.