Draiva Ndani au Nje ya Kerneli? Safari ya Windows NT

Juzi kazini nilipewa mzani wa dukani wa USB, nikaambiwa niuandikie draiva. Kabla sijaandika hata mstari mmoja wa kodi nikakwama kwenye swali moja: niiweke ndani ya kerneli, au nje kama programu ya kawaida? Swali lenyewe ni la zamani. Microsoft wamelijibu zaidi ya mara moja, na majibu yao hayakufanana.

Kwanza tuelewane. Kerneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi yenye mamlaka juu ya kila kitu: kumbukumbu, diski, hata prosesa. Draiva ni programu inayojua lugha ya kifaa kimoja. Prosesa za Intel zina ngazi 4 za mamlaka, 0 hadi 3, lakini Windows NT hutumia mbili tu. Ya 0 ni ya kerneli, ya 3 ni ya programu zetu. Programu ya ngazi ya 3 ikikosea, inakufa peke yake. Huko ngazi ya 0 mambo ni ya samaki mmoja akioza: draiva moja ikikosea, mashine nzima inaanguka na unabaki kutazama skrini ya buluu.

Mwaka 1988 Microsoft walimwajiri Dave Cutler, mmoja wa waliobuni mfumo wa VMS katika kampuni ya Digital. Kikosi chake ndicho kilichotoa Windows NT 3.1 mwaka 1993. Humo kazi ya kuchora madirisha, pamoja na sehemu kubwa ya draiva za grafiki, iliwekwa nje ya kerneli, katika mchakato uitwao CSRSS.

Ulinzi huo ulikuwa na gharama yake. Programu ikitaka kuchora hata mstari, ilibidi itume ombi kwa CSRSS. Prosesa iliacha mchakato mmoja, ikaingia mwingine, kisha ikarudi. Walijaribu kukusanya maombi mengi na kuyatuma kwa pamoja, lakini bado mfumo ulikuwa mzito.

Basi mwaka 1996, kwenye NT 4.0, wakabomoa ukuta. Kazi ya kuchora na draiva za grafiki zikahamia ndani ya kerneli. Hata draiva za printa zikaingia humo! Hoja yao ilikuwa kwamba CSRSS ikifa mfumo hauwezi kuendelea hata hivyo, kwa hiyo ukuta ulikuwa haulindi kitu.

Hoja hiyo ina mantiki, ila mimi naona iliacha jambo moja. Kodi mbovu ikiwa nje, inaweza kufa. Ikiwa ndani, inaweza kuandika juu ya kumbukumbu za wengine kimyakimya, zikiwemo data zinazosubiri kwenda diskini. Na waliokuwa wakiandika draiva hizo walikuwa watengenezaji wa kadi, waliokimbizana kutoa kadi mpya sokoni.

Safari ya kurudi ilianza taratibu. Windows 2000 iliruhusu draiva za printa zikae nje ya kerneli. Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ikakataa kabisa za ndani. Draiva ya grafiki nayo ikagawanywa mara mbili. Sehemu kubwa, ile ya kutafsiri amri za programu kwa lugha ya kadi, ikatoka nje. Ndani ikabaki ndogo ya kugawa kumbukumbu na zamu. Tena kadi ikikwama zaidi ya sekunde 2, Windows huianzisha upya: skrini inazima kidogo, inarudi, na barua uliyokuwa ukiandika bado ipo.

Kwa nini gharama ya 1993 ilivumilika 2007? Kwa sababu kadi za grafiki zilikuwa zimepata prosesa zao zenye nguvu. Programu ikawa inatuma furushi kubwa la amri kwa mara moja, badala ya kuvuka ukuta kwa kila mstari.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika 9 asubuhi kwa saa za Nairobi, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili yenye kasoro. Programu yao haiendeshi kifaa chochote, ila nayo ina draiva ndani ya kerneli. Waliiondoa faili hiyo baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka, na nyingi zilihitaji mtu aende kuzirekebisha kwa mkono. Mwaka 2025 Microsoft wakaanza kuzipa kampuni za usalama njia ya kufanyia kazi nje ya kerneli.

Nilichojifunza ni kujiuliza maswali mawili: ukuta utavukwa mara ngapi kwa sekunde, na kodi ikianguka, nani ataumia? Mzani wangu hutuma uzito mara chache tu kwa sekunde, kwa hiyo draiva yake nimeiweka nje. Siku ikianguka, mwenye duka ataifungua tena, na mauzo yake ya asubuhi yatakuwa salama.