Mikono Iliyojenga Nyumba ya Mungu

Tunapoadhimisha yubilei ya dayosisi yetu, yatupasa kuwakumbuka si maaskofu na mapadre peke yao, bali na wale waliochukua mawe, waliochanganya chokaa na waliopanga herufi za chapa. Kwa maana Injili ilitufikia kwa vinywa vya wahubiri, na tena kwa mikono ya watenda kazi.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Edward Steere walifika Unguja. Sultani Majid akawapa watoto 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Siku zile jembe na mzigo vilihesabiwa kuwa fungu la mtumwa. Muungwana aliketi, mtumwa akainama. Basi aliyefunguliwa minyororo angeweza kudhani ya kuwa uhuru ni kutoshika kazi tena. Je, kazi iliyokuwa aibu yake yaweza kuwa heshima kwa Mungu? Hilo ndilo swali walilokabiliana nalo wazee wetu, wala halikuwa jepesi.

Steere hakulijibu kwa maneno matupu. Yeye mwenyewe, ingawa alikuwa msomi, alijua kazi ya kupiga chapa, akawafundisha vijana wa misheni. Wakapanga herufi moja moja, wakatia wino, wakasahihisha makosa, hata vitabu vya Kiswahili vikatoka mikononi mwao. Herufi moja ikikaa vibaya, neno zima huharibika. Hivyo bidii ya kijana yule ilikuwa sehemu ya mahubiri.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Siku ya Noeli mwaka ule ule, jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale palipouzwa watu. Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi yeye mwenyewe. Dari likafanywa kuwa tao pana la mawe ya matumbawe na saruji. Wengi walidhani litaanguka. Walakini limesimama hata leo. Siku ya Noeli mwaka 1877 ibada ya kwanza ilifanywa humo, kabla jengo halijakamilika. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Majina ya waashi na wachukuzi wengi hatuyasomi ukutani, bali kazi yao twaiona kila tuinuapo macho.

Nasi tuliosomeshwa katika shule za misheni, na tukiri kosa letu. Tumepata kudhani ya kuwa kalamu ni takatifu kuliko jembe, na kwamba mwalimu hapaswi kuonekana na udongo mikononi. Tumesahau kwamba Bwana wetu aliitwa seremala, na kwamba Mtume Paulo alishona hema ili asiwalemee ndugu.

Haya basi, ndugu zetu: mkulima apalilie shamba lake hata pembeni pasipoonekana, fundi asifiche ufa kwa chokaa, karani asizidishe hesabu, mama apikaye ajue kwamba jiko lake si mbali na altare. Mtumwa alifanya kazi kwa kuogopa fimbo. Mtu huru na aifanye kwa kumpenda Mungu. Hapo ndipo uhuru wa wazee wetu utakapokamilika ndani yetu.