Altare na Tabernakulo ya Kanisa la Bujora

Katika kanisa la Bujora, Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza, imani ya Kikristo imeelezwa kwa alama za utemi, yaani mamlaka ya ntemi, mtawala wa jadi wa Wasukuma. Altare, meza ya sadaka ya Misa, ina umbo la kiti cha enzi cha ntemi, na tabernakulo, sanduku la kuhifadhia Ekaristi, ina sura ya nyumba ya mviringo ya Kisukuma, ambayo mlango wake umewekewa ngao na mikuki, ishara iliyojulisha watu kuwa mtawala yumo ndani. Ni vigumu kupata njia iliyo wazi zaidi ya kumweleza Msukuma kile wanachokisadiki Wakatoliki juu ya Ekaristi, kwamba Kristo yumo kweli ndani yake. Mwasisi wa wazo hili ni Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyeanza utume wake Bujora miaka ya 1950, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) kuhimiza njia za namna hii, na ndiye pia aliyeanzisha Makumbusho ya Wasukuma yaliyo jirani. Kanisa hili lingali mahali pa ibada, hivyo mgeni anaombwa kuingia kwa utulivu na kutogusa altare.