Farumi: Kutoka Boriti za Rufiji Hadi Boti ya Rimoti

Makala haya yalianza kwa ajali ndogo. Ijumaa moja mwenzetu alileta boti yake ya rimoti, ile aina ya mashindano yenye mbavu mbili zinazogusa maji na uwazi wa kupitisha hewa katikati. Ilikimbia vizuri, kisha omo ikainuka, hewa ikaingia chini, boti ikapinduka kinyumenyume. Betri ilikuwa imewekwa nyuma mno. Tukaanza kubishana juu ya "balansi". Babu yake, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Ghuba baada ya 1964, alicheka: "Wajukuu wangu, hamjui kupanga farumi."

Tulitazamana. Hakuna aliyelijua neno hilo, na sisi ndio wanachama wa klabu ya Kiswahili!

Farumi ni uzito unaowekwa ngamani, chini kabisa ya chombo, ili kisilale upepo ukikipiga ubavuni. Jahazi tupu lilipakia mawe au mchanga. Lakini mawe hayana mnunuzi, kwa hiyo nahodha alipendelea mzigo wa biashara ufanye kazi hiyo. Majahazi ya Ghuba yalishuka pwani yetu kwa kaskazi yakiwa na tende na chumvi, vitu vizito. Yaliporudi kwa kusi yalibeba boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji.

Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi moja la Kuwait msimu wa 1938 hadi 1939, nahodha wake akiwa Ali bin Nasr al-Nejdi. Walikaa Rufiji wakipakia boriti, kazi ya matope, mbu na jasho. Boriti zilihesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Mkoko ni mti mzito sana, kwa hiyo ukiupanga vibaya chombo kinainamia upande mmoja au kinazamisha omo, na safari ya kurudi Ghuba ni ndefu. Ngamani hakuna mzani. Nahodha alitazama tu maji yamefika wapi ubavuni, mbele na nyuma, akaamuru boriti zisogezwe.

Hapa Dubai, mkienda mtaa wa Al Fahidi, inueni macho. Dari za nyumba za zamani zimeshikwa na boriti hizo, na Waarabu huziita chandal. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kuvuka nafasi kubwa zaidi. Shuleni tulifundishwa kwamba Dubai ya zamani iliishi kwa lulu. Ni kweli, lakini hatukumbuki kusikia hata sentensi moja kuhusu waliokata mikoko, na baadhi yao huenda walikuwa jamaa zetu. Biashara yenyewe ilififia saruji na chuma vilipoingia, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi.

Turudi kwenye boti. Babu alikuwa sahihi, ingawa si kabisa. Jahazi linapigana na upepo wa ubavuni, kwa hiyo linataka uzito chini. Boti hii inapigana na hewa inayoingia mbele na kuinyanyua, kwa hiyo jambo kubwa ni uzito ukae wapi kati ya omo na tezi. Ukiwa mbele mno, omo inang'ang'ania maji na mwendo unakufa. Ukiwa nyuma mno, ndiyo ile ajali yetu. Tena kuna rafadha: ikizunguka upande mmoja, inausukuma mwili wa boti upande wa pili, na hapo uzito mdogo wa kufidia unasaidia.

Tulisogeza betri mbele kwa upana wa kidole kimoja. Boti ikaruka kidogo, ikatulia, ikamaliza duru tatu. Babu aliomba rimoti. Aliigongesha ukingoni kwenye kona ya kwanza, akasema usukani wa zamani ulikuwa na adabu zaidi.