Jina Lifichwe, Somo Litangazwe

Wazee wetu walisema kwamba mwanamke anayekwenda kujifungua ana mguu mmoja kaburini. Usemi huo niliusikia tangu utoto, na nimeusikia tena kwenye misiba mingi, ukifuatana na ule mwingine usemao kazi ya Mungu haina makosa. Semi hizi mbili zimewafariji watu wengi, nami sizibezi. Lakini faraja ikizidi huwa usingizi. Kifo cha mama kikishaitwa kazi ya Mungu, hakuna anayeuliza kama damu ilikuwapo, kama gari la wagonjwa lilikuwa na mafuta, au kama daktari aliitwa akafika. Kazi ya Mungu haina makosa, naam. Lakini kazi ya binadamu inayo, na chumba cha kujifungulia ni mahali pa kazi ya binadamu.

Sisemi haya kama mganga. Mimi ni mwalimu. Nilifundisha historia, nikawa mkuu wa chuo cha ualimu, nikastaafu. Baada ya kustaafu niliteuliwa kuwakilisha wananchi katika bodi ya huduma za afya, na kwa njia hiyo nikakaribishwa kwenye kamati ya hospitali moja iliyokuwa ikipitia vifo vya akina mama na vya watoto wachanga. Hospitali hiyo sitaitaja, na sababu ya kutoitaja itaonekana mbele. Nilikaa kwenye kamati hiyo miaka minne. Niliyoyaona humo yalinirudisha vitabuni, kwa maana mwalimu wa historia hatulii mpaka ajue jambo lilianzia wapi.

Mwanzo wake ni wa uchungu. Kati ya mwaka 1789 na 1792 katika mji wa Aberdeen huko Uskoti, homa ya uzazi iliwavamia akina mama waliotoka kujifungua. Daktari mmoja, Alexander Gordon, alifanya jambo lililokuwa geni: aliandika kila mgonjwa, tarehe, makazi yake, na nani alimzalisha. Wagonjwa wake walikuwa 77, na 28 kati yao walifariki. Alipoipanga orodha hiyo akaona kwamba homa ilikuwa ikifuata nyayo za wakunga na madaktari fulani kutoka nyumba hadi nyumba. Mwaka 1795 alichapa kitabu, akaeleza kwamba wahudumu ndio waliokuwa wakiibeba homa, akaungama kwamba hata yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, na akashauri nguo zichomwe au zifukizwe na wahudumu waoge. Lakini orodha yake ilikuwa na majina ya wakunga. Mji ukamgeukia. Aliondoka Aberdeen mwaka ule ule, akafa mwaka 1799, na ushauri wake ukasahauliwa kwa miaka mingi.

Nusu karne baadaye, jambo hilo lilijirudia Vienna. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Mwaka 1846 wodi ya kwanza ilizalisha akina mama 4,010 na kuzika 459. Ya pili ilizalisha 3,754 na kuzika 105. Wanawake wenyewe waliijua tofauti hiyo, wakalia na kuomba wasipelekwe wodi ya kwanza. Daktari kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, alihangaika na hesabu hizo hadi Machi 1847, rafiki yake Jakob Kolletschka alipokufa baada ya kujeruhiwa kidole na kisu wakati wa kupasua maiti. Dalili za kifo chake zilifanana na za akina mama. Hapo Semmelweis akang'amua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Mwezi Mei aliamuru kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini. Mwaka 1848, wodi ile ile ilizalisha 3,556 na kuzika 45.

Msomaji atadhani alishangiliwa. La hasha! Wakubwa wengi wa taaluma yake walimpinga. Naye, kwa hasira na huzuni, alianza kuwaandikia barua za hadharani akiwaita wauaji. Alikufa mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, huku akina mama wakiendelea kuzikwa katika miji ambayo ilikataa kunawa.

Watu hawa wawili walikuwa na ukweli mikononi, na ukweli wao ulikataliwa. Najua upinzani ulikuwa na sababu nyingi, zikiwamo kiburi na elimu ndogo ya wakati ule kuhusu vijidudu. Hata hivyo sababu moja yaelekea kupita zote: aliyesikiliza alisikia kwanza kwamba anashtakiwa. Mtu anayeshtakiwa hujitetea, hajifunzi.

Uingereza ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1952, nchini England na Wales, ulianzishwa uchunguzi wa siri wa kila kifo cha uzazi. Waliomhudumia marehemu waliandika walichofanya na walichoshindwa kufanya, wataalamu wakasoma, majina yakaondolewa, na taarifa ikachapwa kwa ajili ya nchi nzima. Taarifa ya kwanza, ya miaka 1952 hadi 1954, ilitoka mwaka 1957, na zilizofuata ziliendelea kutolewa kila baada ya miaka mitatu kwa miongo mingi. Wakunga na madaktari waliandika ukweli kwa sababu waliamini kwamba haungegeuzwa kuwa hati ya mashtaka.

Kwetu Afrika Mashariki mjadala mkubwa ulifunguliwa Nairobi mwezi Februari 1987, mkutano wa kimataifa wa uzazi salama ulipoweka lengo la kupunguza vifo hivyo kwa nusu kufikia mwaka 2000. Mwaka 2000 ulifika, na lengo halikufikiwa. Afrika Kusini ilitangulia: tangu mwaka 1997 kila kifo cha uzazi hutolewa taarifa kwa lazima. Tanzania ilitoa mwongozo wa kupitia vifo hivi mwaka 2006, ukaboreshwa mwaka 2015. Kenya ilichapa taarifa yake ya kwanza ya uchunguzi wa siri mwaka 2017, juu ya vifo 484 vilivyotokea mwaka 2014, ikaonyesha kwamba akina mama tisa kati ya kila kumi walipata huduma yenye upungufu.

Takwimu za Tanzania zenyewe hupanda na kushuka. Kwa kila vizazi hai 100,000, utafiti wa mwaka 1996 ulikadiria vifo 529. Wa 2004/05 vifo 578. Wa 2010 vifo 454. Wa 2015/16 vifo 556. Na wa 2022 vifo 104. Hesabu za sampuli zina mipaka yake, na si busara kuzisoma kama hesabu za mauzo dukani. Lakini hatua ya mwisho ni kubwa na inatia moyo. Hata hivyo kamati haikai kuzungumza juu ya laki moja. Inakaa juu ya faili moja.

Nieleze basi kamati ilivyokuwa. Kifo kilipotokea taarifa ilipelekwa ngazi za juu ndani ya saa 24, na sisi tulikutana ndani ya juma moja. Mezani walikuwapo madaktari, wakunga, mtu wa maabara, mfamasia, mhasibu, na mimi. Jina la marehemu lilikuwa limefunikwa, pamoja na majina ya waliomhudumia. Mwenyekiti alianza kila kikao kwa kusoma masharti: hakuna kulaumu mtu, hakuna kutoa maneno nje, na yatakayosemwa hayatatumika kumwadhibu mtu. Kisha tulipita katika ucheleweshaji wa aina tatu ambao wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliueleza mwaka 1994: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Mfumo huo haukuwa mgeni kwangu. Sisi walimu tuliosahihisha mitihani ya taifa tunaufahamu. Karatasi ya mtahiniwa haina jina, ina namba. Msahihishaji hajui kama ni mtoto wa waziri au wa mkulima. Baadaye hutoka taarifa ya watahini: swali la tano lilikosewa na wengi, kwa sababu hii na hii; walimu wafundishe hivi. Jina limefichwa, lakini somo limerudi darasani. Taarifa hiyo isingerudi shuleni, usahihishaji wote ungekuwa kazi ya kugawa maksi tu.

Nitasimulia faili moja, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike mtu. Mama alijifungua salama usiku, kisha akaanza kutoka damu. Faili lilikuwa na maandishi ya saa 7 usiku, na yaliyofuata yalikuwa ya saa 11 alfajiri, kueleza kwamba amefariki. Kati ya hapo palikuwa peupe. Mjumbe mmoja akasema kwa ukali kwamba huo ni uzembe na mkunga apewe barua. Mwenyekiti akamkumbusha masharti. Kikawa kimya kirefu. Halafu mkunga mmoja, ambaye hakulazimika kujitambulisha, akasema, "Mwalimu na waheshimiwa, nilikuwa peke yangu na wazazi tisa. Mikono yangu yote miwili ilikuwa ikimzuia damu. Ningeandika kwa mkono upi?"

Tukamwuliza damu ya kumwongezea ilikuwa wapi. Akajibu kwamba ilikuwa kwenye jokofu la maabara, hatua chache kutoka pale. Jokofu lilikuwa limefungwa. Mtu wa zamu ya maabara alikuwa ameitwa nyumbani kwake, na ufunguo alikuwa nao. Mlinzi alitumwa kwa miguu. Waliporudi wote wawili, palikuwa pamekwisha kucha na mama alikuwa amekwisha.

Laiti ile barua ya onyo ingeandikwa dakika kumi kabla, ufunguo usingetajwa kamwe. Wiki ile ile ufunguo wa pili ulichongwa, ukatundikwa kwenye kisanduku cha kioo katika wodi ya wazazi, na chupa mbili za damu ya dharura zikahamishiwa jokofu la chumba cha upasuaji. Gharama yake haikufika bei ya mbuzi. Pendekezo la pili, la kuongeza mkunga wa zamu ya usiku, lilichukua miezi kumi na mmoja, maana lilingoja kibali cha ajira. Haya nayo ni matunda ya kamati: mengine huiva kesho, mengine hukawia.

Lakini lilibaki jambo lililonikosesha usingizi. Mama mzazi wa marehemu alikuja nyumbani kwangu. Katika mji mdogo hakuna siri ya nani anaketi wapi. Akakaa, akanywa maji, akasema, "Mwalimu, nasikia mmekaa juu ya mwanangu. Mmesema nini?" Nilikuwa nimefungwa na masharti, nikamwambia hivyo kwa heshima. Akaniangalia, akasema, "Basi mwanangu amewafundisha wote isipokuwa mimi." Akaaga.

Kikao kilichofuata nililileta suala hilo. Niliwauliza wenzangu: masharti yanaficha majina, je, yanaficha pia sababu? Mganga mfawidhi alihofia mahakama, na hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Wakunga walihofia kwamba jamaa wakishajua wodi na usiku, hawatakosa kujua ni nani. Mjadala ulichukua vikao viwili. Mwisho tulikubaliana kwamba maneno yaliyosemwa kamatini yabaki kamatini, lakini ugonjwa ulivyokwenda, kilichokosekana, na kilichorekebishwa, familia iambiwe na daktari pamoja na muuguzi mkuu, ana kwa ana, bila kumtaja mhudumu.

Walikwenda, nami nikafuatana nao. Daktari alieleza taratibu. Alipofika kwenye ufunguo yule mama alimkatiza: "Sasa unakaa wapi?" Akaambiwa. Akauliza tena kama kweli mtu yeyote wa zamu anaweza kuufikia. Akaambiwa ndiyo. Hakusema kwamba amesamehe, na hakuna aliyemwomba aseme. Alimwita mumewe, akamrudia habari ya kile kisanduku neno kwa neno, kama mtu anayehakikisha amesikia vyema.

Tangu siku hiyo nimeshikilia rai moja. Gordon na Semmelweis walitangaza kosa pamoja na mkosaji, na somo likapotea kwa sababu ya majina. Sisi tunaweza kupotea kwa upande wa pili: tukafunika majina vizuri, tukafunika na somo, mafaili yakajaa kabatini na wananchi wakabaki na kazi ya Mungu haina makosa. Usiri ulianzishwa ili mkunga aweze kusema ukweli. Haukuanzishwa ili hospitali iwe na mahali pa kuuficha.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, hasa wewe uliyechaguliwa kwenye bodi au kamati ya kituo cha afya: usiulize nani alikuwa zamu. Uliza kamati ya vifo ilikaa lini mara ya mwisho, ilipendekeza nini, na pendekezo gani halijatekelezwa na kwa nini. Uliza familia zimeambiwa nini. Kisha, kabla ya kurudi nyumbani, uliza ufunguo wa jokofu la damu uko kwa nani usiku wa leo.